Ng'ambo ya Ziwa na Binti wa Miaka 15

Binti yangu alipotimiza miaka 15 aliacha kuniuliza maswali. Hakuwa mkaidi, maji alichota, sombe alitwanga, shuleni alikwenda, na akiulizwa alijibu. Ila lile jicho la kuniangalia kama mtu mwenye majibu lilikuwa limekwisha. Mwaka huo niliamua kusafiri naye, sisi wawili tu, tuvuke mpaka, tukae siku nne katika mji mmoja wa nchi nyingine, kisha turudi Kasongo, kwetu Maniema ya Kongo, kabla shule hazijafunguliwa Septemba.

Majirani waliniuliza kwa zamu: kuna msiba? Kuna mgonjwa? Unafuata mali? Kwetu, Kasongo hata Kabambare, safari ndefu hufungwa kwa mojawapo ya hayo matatu. Mama kumchukua mtoto wake akaone tu mji wa watu ni jambo ambalo bado halina jina. Naandika sura hii kwa sababu naamini linawezekana kwa mwalimu kama mimi, kwa fundi cherehani, kwa mwenye meza sokoni, mradi lipangwe mapema na mzazi ajue anachokitafuta. Mimi nilitafuta kitu kimoja: mtoto wangu asimame mbele ya watu wasiomjua, azungumze kwa kinywa chake mwenyewe, nami niwe nyuma yake.

Hilo ndilo lililotuchagulia mji. Kigali ni mji safi na wenye taa, lakini njia yake kwetu hupitia Bukavu au Goma, na miji hiyo miwili iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025. Bujumbura tunaipenda kwa ajili ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambako wazee wengi asili yao ni Umanyema. Ila kwenda huko sharti upite Uvira, na Uvira nayo vita vimeifikia. Ikabaki Kigoma, Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hata kama njia zote zingekuwa wazi, sasa ningeichagua Kigoma tena, kwa sababu ya lugha. Kijana anayetafsiriwa kila neno hurudi kuwa mtoto mdogo aliyeshika kanga ya mama yake. Kijana wa Kasongo akishuka bandari ya Kigoma anafungua mdomo na kueleweka papo hapo, akiuliza bei, akiuliza njia, akibishana. Binti yangu alikuwa na sababu yake pia: Diamond Platnumz na Ali Kiba, wote wawili, asili yao ni Kigoma. Nilikubali sababu hiyo bila kubisha. Safari ya watu wawili inabeba sababu mbili.

Tuanze na karatasi, maana ndizo zinazochelewesha kuliko barabara. Kwetu mtu mzima hujitambulisha kwa karte ya uchaguzi. Mtoto wa miaka 15 hana. Ana karte ya mwanafunzi, na hiyo haivuki ziwa. Msingi wa kila kitu ni cheti cha kuzaliwa, na watoto wetu wengi hawana kwa sababu wazazi hawakuwaandikisha ndani ya siku 90 ambazo sheria inazitaja. Zikipita, inabidi kwenda mahakamani kupata hukumu inayochukua nafasi ya uandikishaji ule. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 12 leo na alifuate jambo hili leo, hata kama safari ni ndoto ya mbali. Pasipoti hufuata cheti. Pia inatakiwa barua ya ruhusa ya mzazi anayebaki nyumbani, yenye saini na muhuri. Baba yake aliona ajabu kuandika kwamba anamruhusu mkewe kusafiri na mtoto wao. Nilimwambia kwamba barua ile inawalinda hata watoto wa watu wengine, wale wanaovushwa na watu wasio wazazi wao. Akaandika.

Tanzania humtaka mtu anayetoka Kongo aoneshe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano yenyewe ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuvuka. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hudumu maisha yote, kwa hiyo usikubali kuambiwa imekwisha muda. Na mtu akikwambia kwamba mipaka imekufa kwa sababu Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, mshukuru, kisha uende DGM, ofisi ya uhamiaji, pale Kalemie tunakopandia meli, wiki hiyo hiyo ya safari uulize wanachokitaka siku hiyo, na uandike. Binti yangu ndiye aliyekuwa na daftari. Nilimpa daftari hilo tangu Kasongo na kumwambia kwamba karatasi zote ziko chini yake: yeye anazihesabu asubuhi, yeye anazihesabu usiku. Alizihesabu hata pale nilipochoka na kutaka kulala.

Kuhusu usalama nitasema bila kuzungusha. Kuna miezi ambayo mpango huu haufai, na mzazi mwenye busara huukunja na kuuweka. Njia ya Kabambare hupita Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, halafu Lulimba, na sehemu hizo zimejua watu wenye silaha kwa miaka mingi. Njia nyingine ni kushuka Kongolo na kwenda Nyunzu mpaka Kalemie. Ni ya mzunguko, lakini kuna msimu ambapo mzunguko ndio mkato. Sisi tulijiwekea kanuni: siku tatu kabla ya kuondoka tunapiga simu kwa watu watatu wa sehemu tatu, wasiojuana, wawili wakisema ngojeni, tunangoja. Simu mbili nilipiga mimi. Ya tatu nilimwachia yeye. Mtu wa upande wa pili alimwambia, kwa sauti ya mtu asiyetaka kumtisha mtoto, kwamba wiki hiyo pikipiki zilikuwa zinarudi bila abiria. Alikata simu akakaa kimya. Kama ningempa mimi habari hiyo angenuna, na kwa umri ule kununa ni haki yake. Kwa kuwa aliisikia mwenyewe, ni yeye aliyekwenda kufungua begi na kutoa nguo. Tuliondoka siku tisa baadaye.

Likizo kubwa huangukia Julai na Agosti, na hapo ndipo njia za Maniema zinapokauka. Vilalo vya magogo vinapitika, tope limekuwa vumbi. Tulichukua pikipiki mbili, madereva wanaojuana, na tukapatana kwamba hakuna kutembea baada ya saa kumi jioni. Mpaka Kalemie tulitumia siku nne. Siku nne za kwenda, usiku wa ziwa, siku nne za mji, kisha njia ile ile ya kurudi: mtu akitazama hesabu hiyo ataona kwamba matembezi yetu mafupi yana mkia mrefu. Ni kweli, na ndiyo maana sishauri miji miwili. Mji mmoja, kitanda kimoja, mkoba mmoja kila mtu, unaoweza kukaa mapajani. Mama mwenye binti asisahau vitambaa au pedi za kutosha njia nzima, na azungumze naye mapema watakavyofanya kama siku zake zitamkuta juu ya pikipiki kati ya vijiji viwili. Jambo dogo hilo likiachwa bila kusemwa linaweza kuharibu safari nzima kwa aibu.

Fedha tuliigawa mafungu matatu: ya kwenda, ya mji, ya kurudi. Fungu la kurudi nililishona ndani ya upindo wa sketi yangu ya ndani, na binti yangu alijua lilipo. Dola ziwe nzima, bila mchaniko hata wa ukucha, maana kwetu noti iliyochanika kidogo hukataliwa, na mtu anaweza kukwama Kalemie akiwa na fedha mkononi. Ukifika Tanzania, zibadilishe zipate kuwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni za huko zinakataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Na mifuko ya plastiki iacheni upande wa Kongo. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019. Karanga zetu tulizihamishia kwenye kitambaa.

Kabla ya kupanda meli nilimwambia binti yangu mambo mawili, mara moja tu, kwa sauti ya kawaida. La kwanza lilihusu simu yake: bandari haipigwi picha, askari hapigwi picha, kilalo hakipigwi picha. Picha moja ya kijana anayejifurahisha inaweza kuwaweka mchana mzima ofisini mkijieleza. Lingine lilihusu ziwa. Tanganyika ina kina cha mita zaidi ya 1,400, na katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini huisumbua. Desemba 2014 meli moja ilizama katika maji haya haya ya Kalemie, na zaidi ya watu mia moja wakafa. Kwa hiyo jile za kujiokolea tunavaa, hatukalii. Na kama meli imejaa mpaka watu wanakaa juu ya mizigo, tunashuka, hata kama tumelipa. Meli ya kwanza tuliiacha. Tulilala Kalemie usiku mwingine, akala samaki wa kuchoma, akaongea na watoto wa pale, hakulalamika.

Kigoma saa haifanani na ya Kasongo. Maniema iko nyuma kwa saa moja. Simu yake ilijirekebisha yenyewe tulipokaribia, yangu haikujirekebisha, na kwa muda tulikuwa watu wawili wanaoishi saa mbili tofauti. Nilimwambia sasa saa yake ndiyo ya kweli. Kuanzia hapo hadi tulipopanda meli ya kurudi, mji ulikuwa wake: yeye achague chakula, yeye aulize daladala, yeye ashike shilingi za siku. Kazi yangu ilikuwa kutembea hatua mbili nyuma na kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote za safari hii, na kila mzazi ajizoeze nyumbani.

Kwanza barabara. Kongo magari hupita kulia, Tanzania hupita kushoto, na mtoto aliyezoea kutazama upande mmoja anavuka akiwa kipofu. Pale Mwanga, karibu na soko, alitazama kushoto, akaona pako wazi, akaweka mguu barabarani; bodaboda ikapita mbele yake kutoka kulia kwa umbali wa kiganja. Nilishika bega lake bila kusema neno. Tangu siku hiyo alikuwa akisimama ukingoni na kugeuza kichwa pande zote mbili, mara mbili, midomo ikicheza kama mtu anayehesabu. Mazoezi haya yafanywe saa ya kwanza, kabla ya mambo mengine.

Halafu salamu. Watoto wetu wengi humwamkia mtu mzima kwa jambo au yambo, na huko nyumbani hakuna ubaya. Ng'ambo, kijana asiyesema shikamoo huonekana hakufunzwa. Asubuhi ya kwanza alimwambia mama muuza chai, "Jambo mama," na yule mama akamtazama, akamiminia chai bila kujibu. Binti yangu aligeuka kunitazama. Nikamwambia neno, na jibu lake, marahaba. Kesho yake alifika kwenye benchi lile lile akasema shikamoo kabla hajakaa. Yule mama aliweka birika chini kabisa ndipo akajibu, akamwongezea maandazi, akamwuliza jina lake.

Lugha iliyobaki aliifurahia kama mtu anayekusanya kitu. Sombe yetu huko ni kisamvu. Ndakala ni dagaa, na mikebuka ni migebuka. Kilalo ni daraja, lengalenga ni mchicha, aksanti imepoteza herufi moja ya katikati. Alikuwa akiandika nyuma ya lile daftari la karatasi, safu mbili, na kando ya baadhi ya maneno akaweka alama. Nilipouliza alama zina maana gani, akasema: haya yetu ni mazuri zaidi. Nilifurahi kuliko nilivyoonesha.

Mambo mengi ya Kigoma yanaonekana bila kulipa. Kuna stesheni ya Wajerumani, mwisho wa reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Kwetu Maniema tuna kipande cha hadithi hiyo hiyo, kwa kuwa mwaka 1915 reli ya Kabalo nayo ilifika Kalemie, na mtu wa Kindu akaweza kufika Dar es Salaam kwa garimoshi na meli. Kuna Kibirizi, ambako boti ndogo huondoka kufuata mwambao. Kuna Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960. Kwa siku nne na mfuko wetu, niliiacha, na ningemshauri mwingine aiache. Kijana hahitaji kuona vingi. Mchana mzima wa pili tulikaa ufukweni, yeye akisikiliza muziki, mimi nikishona.

Siku ya tatu nilimwomba anipeleke Ujiji. Ni kama kilomita nane, kwa daladala. Ndiyo sehemu pekee niliyoiomba, na niliiomba kwa sababu mimi nafundisha historia na nimechoka kuona watoto wa Kasongo wakiisoma kama habari ya watu wengine. Pale Ujiji kuna makumbusho ya Livingstone, na miembe inayosemwa imetokana na ule aliokutana na Stanley chini yake mwaka 1871. Ndani kuna sanamu zao mbili, kubwa kupita watu, wakiamkiana. Kijana wa pale alitueleza vizuri, kwa heshima: Daktari aliingia ndani kabisa, nchi ya mbali, akaugua, akarudi Ujiji akiwa hoi. Binti yangu aliinua mkono kama yuko darasani. Akauliza: nchi ya mbali ipi?

"Manyema," akasema yule kijana.

"Ni kwetu," akasema. "Mimi natoka huko. Nimekuja kwa pikipiki."

Kisha akamweleza, nami nikiwa hatua mbili nyuma. Kwamba Livingstone alikaa Kabambare, akalazwa na vidonda vya miguu kwa miezi kadhaa ya 1870, na kwamba Kabambare ina soko na shule na watu wake, na yeye amelala hapo siku chache zilizopita. Kwamba alifika Nyangwe, kwenye Lualaba, upande wa kwetu Kasongo, na Julai 1871 akaona watu wenye bunduki wakiwamiminia risasi akina mama sokoni, mamia wakafa, na kwamba baada ya hayo ndipo aliporudi Ujiji. Kwamba Kasongo ulikuwa mji mkuu wa Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyeandika maisha yake kwa Kiswahili, na kwamba pembe na watu waliofungwa kamba walipita kwa miguu njia ile ile aliyoipita yeye kwa pikipiki, mpaka ufuko huu. Hapo sauti yake ilishuka. Akanitazama, na safari hii alikuwa na swali machoni. Akaniuliza, hapo hapo mbele ya sanamu: "Mama, sisi tulikuwa upande gani? Wa waliofunga au wa waliofungwa?"

Nilikuwa na usiku mzima wa meli wa kufikiria mambo mengi, na hilo sikulifikiria. Nilimjibu nililoweza. Kwamba Kasongo kuna koo za waungwana walioishi na Waarabu, na kuna koo za watu walionunuliwa, na kwamba vizazi vitano vya kuoana vimezichanganya mpaka nyumba moja ina zote mbili. Kwamba nyumba yetu ni ya namna hiyo. Kwamba bibi yake anajua zaidi kuliko mimi, na sijawahi kumwuliza sawasawa.

Tulitoka nje tukakaa kivulini. Bibi mmoja mwenye kanga ya kijani alikuwa ameweka mafungu ya ndizi na chupa za mawese mbele ya nyumba yake. Binti yangu alimwamkia, akanunua ndizi, na yule bibi aliposikia lafudhi akauliza mtoto wa wapi. Alipoambiwa Kasongo, aliacha kuhesabu chenji. Akasema yeye ni Mmanyema wa Ujiji, baba yake alizaliwa hapo, na babu yake aliletwa kutoka huko, hakusema aliletwa vipi. Ujiji nzima ina watu wa namna yake. Alitaja jina la ukoo, taratibu, akauliza kama jina hilo bado lipo. Sisi hatukulijua. Binti yangu akafungua daftari, akamwomba alirudie, akaliandika kwa herufi kubwa, akamsomea mpaka yule bibi akasema ndivyo.

Tulirudi kwa njia ile ile. Meli ilikuwa na nafasi, upepo ulikuwa umetulia, na Kabambare tulilala nyumba ile ile tuliyolala mara ya kwanza. Mwenye nyumba ni mzee. Jioni binti yangu alikaa naye nje akamwuliza kama anajua mahali alipolala yule Mzungu mgonjwa, na kama amewahi kusikia ukoo wenye jina lile. La kwanza alimwonesha kwa mkono, upande wa nje ya mji, akisema ndivyo wazee walivyosema. La pili hakulijua.

Kasongo tulifika Jumamosi mchana. Hakufungua begi. Alinawa uso, akabadilisha blauzi iliyojaa vumbi, akachukua daftari akaenda nyumba ya pili kwa bibi yake, akasimama mlangoni akasema shikamoo. Mama yangu, ambaye hajawahi kuamkiwa hivyo na mjukuu wake, aliweka ungo chini, akamwambia aingie, akae, na alisome jina hilo polepole.